Kinu Ng'ambo ya Ziwa: Tumlipe Mtaalamu Yupi?

Mtambo wa umeme wa nyuklia ambao Kenya ilitaka kuujenga Uyombo, kaunti ya Kilifi, ulikutana na maandamano ya wananchi mwaka 2024. Sasa wakala wa nishati ya nyuklia wa nchi hiyo, NuPEA, umegeuzia macho kaunti ya Siaya, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Lengo lililotangazwa ni ujenzi kuanza 2027 na umeme kuwaka 2034. Uganda nayo imechagua Buyende, kando ya Ziwa Kyoga. Kutoka ufuko wa Siaya mpaka hapa Nyamuswa, mkoani Mara, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita mia mbili.

Nyamuswa si mji wa ufukweni. Tunaishi ndani, katika Ikizu, upande wa Mlima Chamuriho, na mazungumzo yetu mengi ni ya ng'ombe, mvua na ada za shule. Lakini dagaa tunaokula wanatoka ziwani, vijana wetu wako kwenye mitumbwi ya Majita, na barabara inayotoka hapa kupitia Bunda inakwisha Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Ziwa likipata mkosi, mkosi utapanda na barabara hiyo hiyo.

Kwa hiyo ninalo swali la mlipa kodi. Siku Kenya itakapoleta Dodoma taarifa ya tathmini ya kinu chake, au siku Tanzania yenyewe itakapoamua kujenga cha kwake, serikali itamkabidhi nani kurasa zile azisome, na mtu huyo tutamlipa nini? Ushauri wa usalama wa kinu ni huduma inayonunuliwa kama huduma nyingine. Ina wauzaji wengi, bei zao zimepishana sana, na wengine wanaitoa bure kwa sababu zao. Nimezipanga mezani nilizozifahamu, na nitasema wazi ningenunua ipi.

Kwanza tujue tunachonunua. Wafanyabiashara wa Mara wanaifahamu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, kwa sababu ya cheti cha mionzi kinachodaiwa kwenye vyakula vinavyovuka mpaka. Mashine ya eksirei ya hospitali ya rufaa ya Kwangwa, pale Musoma, nayo iko chini ya macho ya Tume hiyo hiyo. Ni kazi muhimu. Lakini anayepima mionzi kwenye maziwa ya unga hajafundishwa kusoma jinsi chuma cha mtungi wa kinu kinavyochoka baada ya miaka thelathini ya kupigwa na nyutroni. Usalama wa kinu unahitaji kundi zima: mwanafizikia wa kiini cha kinu, mhandisi anayejua mwenendo wa joto na maji, bingwa wa vyuma, bingwa wa matetemeko, mtu wa umeme wa dharura, mtu anayechunguza makosa ya binadamu pale kwenye chumba cha uendeshaji, na mwanasheria wa leseni.

Nitoe mfano mmoja wa swali wanalopaswa kuuliza. Mwezi Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilipanda kikapita rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964. Nyumba za ufukweni zilifunikwa, mialo ikahama. Kinu kinataka maji ya kupozea, hivyo lazima kikae karibu na maji, na jenereta zake za dharura lazima zikae mahali ambapo maji hayafiki kamwe. Pale Fukushima, Machi 2011, vinu vilijizima vyenyewe vizuri tetemeko lilipopiga. Kilicholeta maafa ni wimbi la bahari lililozamisha jenereta na vifaa vya umeme, mafuta yakakosa kupozwa. Kwa hiyo mtaalamu wetu anapofungua taarifa ya Siaya, jambo la awali la kuuliza ni hili: ziwa mmelipa kina gani cha juu kabisa, na mmekipata wapi? Anayeweza kuuliza hivyo, na kulikataa jibu lisilotosha, ndiye tunayemtafuta.

Bidhaa ya bei nafuu kuliko zote inapatikana Vienna. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ambalo Tanzania ni mwanachama wake tangu 1976, hupeleka timu za wataalamu kwa nchi zinazoomba. Iko timu inayopima kama nchi imejiandaa kwa umeme wa nyuklia, kwa kupitia mambo 19, kuanzia sheria mpaka mabaki ya mafuta. Kenya iliialika mwaka 2015 na ikairudia 2021. Uganda iliialika 2021. Iko nyingine inayomkagua mdhibiti mwenyewe, na nyingine ya kukagua eneo la ujenzi. Wanaokuja ni watu wenye kazi zao kwenye mamlaka za nchi zao, na kwa nchi kama yetu gharama nyingi hubebwa na mpango wa ushirikiano wa kiufundi wa shirika hilo. Mwanachama huchangia asilimia 5 ya thamani ya mpango wake wa kitaifa. Kwa kiwango hicho, huwezi kupata watu wa uzito ule popote pengine duniani.

Lakini lazima tujue kifurushi hiki hakina nini. Timu inakaa wiki moja au mbili, inahoji, inasoma, inaandika mapendekezo, inaondoka. Haitoi leseni wala haizuii leseni. Haibaki kumfuatilia mkandarasi anapomwaga zege usiku. Na nchi iliyoalika inaweza kuzuia taarifa yake isitoke hadharani. Nchi inayotaka picha ya kupiga na wageni, kisha iweke mapendekezo kabatini, inaweza kufanya hivyo bila adhabu. Hii ni huduma ya kuanza nayo, na aliyeikosa asianze kabisa, ila haiwezi kuwa ndiyo pekee.

Bidhaa ya pili inakuja na mtambo wenyewe, na huonekana kama zawadi. Bangladesh inajenga vinu viwili Rooppur kwa mkataba wa dola bilioni 12.65 na Urusi, na asilimia 90 ya fedha hizo ni mkopo wa Urusi. Mdhibiti wa Bangladesh aliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, akiwa mchanga kabisa, na aliyemshika mkono katika kukagua mtambo wa Kirusi ni mdhibiti wa Urusi. Siwadharau Warusi. Wamejenga vinu vingi kuliko karibu taifa lolote linalouza leo, na mdhibiti wao anaifahamu mitambo hiyo kwa undani ambao mgeni hawezi kuupata haraka. Mtu mwenye haki atakubali kwamba ujuzi wa mwenye kiwanda una thamani.

Hata hivyo, nani hapa Ikizu alishanunua fahali akamwachia mwuzaji amletee na mganga wa mifugo wa kumpima? Ushauri huo huonekana wa bure kwa sababu bei yake imefichwa ndani ya mkopo, na siku mtaalamu atakapopaswa kusema "simamisheni kazi", atakuwa anasimamisha malipo ya nchi yake mwenyewe. Sababu ya tahadhari hii haimgusi Mrusi peke yake. Korea Kusini, ambayo nayo inauza vinu na kufundisha vijana wa Afrika, iligundua mwaka 2012 na 2013 kwamba vyeti vya ubora vya vipuri vilivyofungwa kwenye vinu vyake vilikuwa vya kughushi, zikiwamo nyaya za umeme za mifumo ya usalama. Mei 2013 vinu vilizimwa ili nyaya zibadilishwe. Korea ilikuwa na watu wake wa kulifukua jambo hilo na kulitangaza. Nchi iliyokabidhi macho yake kwa mwuzaji ingelijulia wapi?

Rwanda, Uganda, Kenya na sisi wenyewe tumeshatembelewa na wauzaji wa aina zote, na kila mmoja ana mpango wa mafunzo mkononi. Tupokee mafunzo. Tusipokee mkaguzi.

Kinyume kabisa cha hapo ni Falme za Kiarabu, nchi ambako watu wengi wa mwambao wetu wana ndugu. Mwaka 2009 walitunga sheria iliyounda mamlaka ya udhibiti, FANR, na mkurugenzi mkuu wake wa kwanza hakuwa Mwarabu. Alikuwa William Travers, Mmarekani aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa shughuli katika tume ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani. Aliyemfuata, Christer Viktorsson, alitoka kwenye udhibiti wa nchi za Nordiki. Juu ya mpango mzima wakaweka bodi ya washauri wa kimataifa chini ya Hans Blix, Mswidi aliyeiongoza IAEA kuanzia 1981 hadi 1997. Mtambo wa Barakah walinunua Korea kwa mkataba wa takribani dola bilioni 20, lakini wakuu wa ukaguzi hawakuwatoa Korea. Kinu cha kwanza kiliingia kazini rasmi Aprili 2021, cha nne Septemba 2024, na vyote pamoja vina megawati 5,600. Katika muda huo vijana wa Kiimarati waliwekwa ubavuni mwa wageni, na sasa wao ndio wengi katika mamlaka hiyo.

Hiyo ndiyo bidhaa bora niliyoiona sokoni. Tatizo ni bei. Mishahara ya FANR siwezi kuilinganisha na ya kwetu, lakini kipo kipimo cha wazi cha thamani ya mtu wa kiwango hicho. Mdhibiti wa Marekani huzitoza kampuni zinazoomba leseni kwa saa, na kwa mwaka wa fedha 2024 alitoza dola 317 kwa saa moja ya mkaguzi, ndani yake mkiwamo gharama za ofisi. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, saa moja ni shilingi 792,500. Saa elfu moja, yaani kazi ya nusu mwaka ya mtu mmoja, ni shilingi milioni 792.5. Na mtu mmoja hafanyi chochote hapa. Kampuni ya NuScale, iliyotaka kibali cha muundo wa kinu kidogo nchini humo, ilitumia zaidi ya dola milioni 500 na zaidi ya saa milioni mbili za kazi kuandaa maombi yake. Ukaguzi ulichukua miezi 42 na kumalizika Agosti 2020. Dola milioni 500 ni zaidi ya shilingi trilioni moja. Huo ni mzigo wa mwombaji, lakini mkaguzi naye lazima awe na uwezo wa kuusoma mlima huo.

Nazitaja takwimu hizi kwa makusudi, kwa sababu nawasikia watu wakisema vinu vidogo vya kisasa vitapunguza gharama za usalama. Kinu kinaweza kuwa kidogo. Jalada lake si dogo. Ni kweli kwamba gridi yetu, ambayo baada ya Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 bado si kubwa kwa vipimo vya dunia, inafaa zaidi mitambo midogo, maana kinu kimoja cha megawati 1,000 kikizimika ghafla kingeweza kuiangusha nchi nzima gizani. Hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua kidogo. Kuokoa fedha za wakaguzi si sababu.

Fundisho la Imarati kwa nchi isiyo na mafuta ni hili: nunua wachache wa juu kabisa. Mshauri mkuu mmoja aliyewahi kusaini leseni na kuikataa leseni, na bodi ndogo ya watu wa nchi mbalimbali wanaokutana mara mbili kwa mwaka, haviivunji bajeti. Jeshi zima la wakaguzi wa kukodi litaivunja.

Kati ya Vienna na Abu Dhabi kuna duka jingine, ambalo kwa sheria zetu ni rahisi kuliingia: taasisi za kitaalamu zinazofanya kazi kwa ajili ya wadhibiti. Ujerumani inayo GRS, Ubelgiji inayo Bel V, na mdhibiti wa Finland, STUK, aliwahi kuisaidia Saudi Arabia kujenga mamlaka yake. Unawapa kazi maalumu yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kupitia upya hesabu za tetemeko za eneo fulani, au kukagua muundo wa mfumo wa kupozea. Unalipa kazi hiyo tu. Ukitaka kujua wanachostahili, angalia Olkiluoto 3 huko Finland. Ujenzi ulianza 2005, na mapema tu STUK ikaona zege la msingi halikuwa la kiwango kilichotakiwa. Ikachunguza, ikaandika, ikachapisha taarifa mwaka 2006 wakati mradi ukiwa unachelewa na wakubwa wamekasirika. Kinu kile kilianza biashara 2023. Ucheleweshaji ulikuwa na sababu nyingi, na fedha zilizopotea ni nyingi mno, lakini Mfini anajua kwamba zege lililo chini ya kinu chake lilitazamwa na mtu asiyeogopa.

Hatari ya duka hili iko kwenye zabuni zetu. Mshauri mwelekezi akipatikana kwa bei ya chini kabisa kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, tutapata mwenye bei ya chini kabisa. Hadidu za rejea lazima zidai mambo mawili kabla ya bei: kwamba taasisi haijalipwa na mwuzaji yeyote anayeshindania mradi huo kwa miaka kadhaa iliyopita, na kwamba mezani upande wa Tanzania kuna watu wanaoweza kuielewa ripoti na kuibishia. Viwango vya IAEA vinasema waziwazi kwamba mdhibiti akichukua ushauri wa nje, wajibu unabaki kwake. Ripoti ya kurasa mia tano isiyokuwa na msomaji ni hasara hata ingekuwa ya bure.

Na hapo tunafika kwenye watu wetu. Kenya imepeleka vijana kusoma katika chuo cha uzamili wa nyuklia cha KINGS kule Ulsan, Korea, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia. Ghana, yenye kinu kidogo cha utafiti tangu 1994, ina shule ya sayansi za nyuklia katika Chuo Kikuu cha Ghana inayopokea wanafunzi kutoka Afrika nzima. Kwa bei, hii ndiyo njia inayolipa kuliko zote: mshahara wa serikali wa mwaka mzima hauwezi kukaribia saa mia chache za mkaguzi wa Marekani. Kwa muda, ndiyo ndefu kuliko zote. Chukua kijana anayemaliza kidato cha nne kwenye sekondari ya Ikizu au ya Makongoro Novemba 2026. Atamaliza kidato cha sita 2029, shahada ya uhandisi 2033, uzamili 2035. Kinu cha Siaya, kwa ratiba ya Kenya, kitakuwa kimewaka mwaka mmoja kabla. Na kijana huyo bado atahitaji miaka mitano ya kukaa ubavuni mwa mkaguzi mzoefu kabla ya kumwachia kalamu.

Kusomesha bila kutunza ni kumwaga. Kongo ilikuwa na kinu cha kwanza barani Afrika, pale Kinshasa, mwaka 1959, na ilikuwa na wanafizikia wa kuheshimika. Nchi iliposhindwa kuwalipa na kulinda majengo yao, kinu cha pili kilizimwa 2004, na kabla ya hapo, mwaka 1998, fimbo ya mafuta ya nyuklia iliyoibwa huko ilikamatwa Italia mikononi mwa wahalifu. Kwetu hatari ya haraka ni nyingine: kijana tuliyemsomesha ataitwa Ghuba, na mshahara wa huko atauona kwenye simu yake. Mkataba wa kumfunga miaka mitano husaidia kidogo. Mshahara wa daraja lake mwenyewe, uliotengwa kisheria kama tunavyotenga kwa kazi nyingine nyeti, husaidia zaidi.

Sasa njia ninayoiona ndiyo ya kununua, na nashangaa haizungumzwi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeshafanya jambo la aina hii kwenye usafiri wa anga. Wakala wa jumuiya wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa 2007 na wenye makao Entebbe, unaziwezesha nchi wanachama kuazimana wakaguzi wa ndege, maana hakuna iliyokuwa na wakaguzi wa kutosha wa kila fani. Kila nchi imebaki na mamlaka yake na leseni zake. Wanachogawana ni watu na viwango. Kwa nini tusifanye hivyo kwa nyuklia? Kisumu ipo tayari Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, na Itifaki ya bonde hilo iliyosainiwa Novemba 2003 inazitaka nchi zijulishane kuhusu miradi yenye athari za kuvuka mpaka. Jukwaa la wadhibiti wa nyuklia wa Afrika lipo tangu 2009. Kinachokosekana ni kundi moja la wataalamu, labda kumi na watano, walioajiriwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, wakilipwa vizuri kutoka mfuko mmoja, wa kukagua Siaya leo na Buyende kesho. Tanzania ikichangia robo ya gharama, inapata kundi zima. Na faida kubwa kuliko fedha: Mtanzania atakuwa ndani ya chumba wakati eneo la ng'ambo linapokaguliwa, badala ya kusubiri barua.

Fedha za mfuko huo zitoke kwa mwombaji wa leseni, zipitie kwa wadhibiti, zisimfikie mtaalamu moja kwa moja kutoka kwa kampuni. Wamarekani wanafanya hivyo, na Afrika Kusini pia mdhibiti wake anaishi zaidi kwa ada za wenye leseni. Mwekezaji asiyeweza kulipia ukaguzi hawezi kulipia kinu.

Lakini hata mtaalamu wa bei ghali hana thamani akiwa chini ya bosi asiyetaka kusikia. Tume ya uchunguzi ya Bunge la Japani, chini ya Kiyoshi Kurokawa, ilisema mwaka 2012 kwamba maafa ya Fukushima yalisababishwa na wanadamu. Mdhibiti wa wakati ule alikuwa ndani ya wizara ile ile iliyokuwa ikihamasisha nyuklia. Japani ikamvunja, ikaunda mwingine Septemba 2012, na ikaweka kanuni kwamba watumishi wake wasirudi kwenye wizara ile. Hapa kwetu, Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003 imeipa TAEC kazi zote mbili, kudhibiti na kuhamasisha. Kwa mashine za eksirei na vyeti vya chakula jambo hilo halijatuumiza sana. Kwa urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, ambako kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025, linaanza kuwa zito. Kwa kinu halivumiliki. Kenya ilitenganisha mwaka 2019: NuPEA inahamasisha, mamlaka ya KNRA inadhibiti. Sisi tutenganishe kabla ya kumsaili mtaalamu wa kwanza, maana mwenye heshima yake atauliza hilo kabla ya kuuliza mshahara.

Jambo jingine ni uwazi, nalo halina gharama. Marekani ina kamati ya washauri wa usalama wa vinu iliyowekwa kisheria tangu 1957, yenye wajumbe wasiozidi 15, wa vipindi vya miaka minne. Hukutana hadharani na barua zake za ushauri huchapishwa, hata zinapopingana na wakubwa. Huko Afrika Kusini sheria inataka mjumbe wa jamii kwenye bodi ya mdhibiti. Peter Becker, aliyekuwa mjumbe huyo, aliondolewa na waziri mwaka 2022 kwa sababu ya misimamo yake juu ya nyuklia. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Western Cape ikasema kuondolewa kwake hakukuwa halali. Sikubaliani na kila mwanaharakati, na nadhani Afrika Mashariki inaweza siku moja kuendesha kinu kwa usalama. Lakini mjumbe ambaye nyumba yake iko upande unakoelekea upepo utokao mtamboni huuliza maswali ambayo profesa husahau. Uyombo ingesikilizwa mapema, huenda polisi wasingehitajika kwenye maandamano yale.

Hukumu yangu kwa mnunuzi ni hii. Tualike timu za IAEA mara moja na tuchapishe taarifa zao. Tuombe kundi la pamoja la Jumuiya lianze kabla Kenya haijachimba msingi, likiwa na kiti cha wakazi wa ziwa kutoka Mara, Mwanza na Kagera. Tupeleke vijana kila mwaka, wachache lakini bila kukatisha, na tuwape daraja la mshahara linalowabakiza. Taasisi za Ulaya tuzikodi kwa kazi maalumu tu. Mkaguzi anayeletwa na mwuzaji tumrudishe na barua ya shukrani.

TAEC iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na bajeti ya wizara hiyo husomwa bungeni kati ya Aprili na Juni. Ndugu msomaji wa Nyamuswa, Bunda na Butiama, kabla ya hapo mbunge atapita kwenye mikutano. Mwulize mambo matatu, kwa adabu, na udai jibu lenye tarakimu: Tanzania ina wataalamu wangapi wa usalama wa vinu leo, wanalipwa na nani, na ni nani kati yao atakayeisoma taarifa ya Siaya?